Mchuzi Ndani ya Godoro

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimetwaa jiko. Mama watoto kateleza kwenye ngazi za kazini kwake, mkono umefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko. Daktari kasema asinyanyue hata kijiko. Nikamwambia ajinyooshe kitandani, nyumba hii ina mwanamume. Aliitazama plasta yake. Kisha akamwomba Mungu, kwa sauti.

Sioni kwa nini. Mimi nauza magodoro. Nimewahi kumuuzia godoro mtu aliyeingia dukani kuomba chenji. Mwenye kipaji cha hivyo ashindwe na maharage?

Chakula cha jioni: wali na maharage. Mama watoto akapiga kelele kutoka chumbani kuuliza kama nimeyaloweka. Nikamjibu nimeyaosha, inatosha. Chumvi nilitia mapema, ili ikolee. Vitunguu sikutia. Vinaliza, na mwanamume hatakiwi kuonekana analia jikoni siku ya kwanza.

Baba alitafuna punje moja kwa muda mrefu. Akasema yameiva kwa nje. Binti yangu, anayejifanya mchekeshaji tangu aanze sekondari, akadondosha moja sakafuni na kutangaza kwamba limedunda. Limedunda kidogo tu.

Balaa ni kwamba Dada yangu mkubwa alikuwepo. Huyu hakosi nikiharibu. Alimshika Baba mkono, akaupima kwa vidole vyake, akanigeukia. Tangu Mama afariki mwaka jana, Baba hali. Anachokonoa chakula, anashukuru, anarudi kwenye kigoda chake mlangoni mwa jikoni. Dada kasema Jumapili anakuja. Akimkuta Baba bado hali, anamfungashia begi na kumhamishia kwake, kwenye chakula cha watu.

Baba haendi popote! Nimezoea kumsikia akikohoa asubuhi huku ananyoa ndevu. Kigoda kile kikiwa kitupu sitaki hata kukifikiria. Nimeliandika hilo mara moja na silirudii.

Jumanne, 5 Machi

Mpango nimeupata! Ng'ambo ya duka letu kuna kantini. Mchuzi wake wa nyama na viazi watu wanaupangia foleni. Sasa mimi nijitese kwa nini? Nanunua, napeleka nyumbani, namimina kwenye sufuria yangu, napakua. Nani atajua?

Tatizo la kwanza, mchuzi kupoa njiani. Tatizo la pili, kuonekana naingia na sufuria ya watu. Yote mawili nimeyamaliza kwa pigo moja. Nimechukua kigodoro cha mtoto, kile cha maonyesho, nikaviringisha sufuria ndani yake, nikafunga kamba, nikaweka kwapani. Hata jirani alinisalimia bila kuuliza. Sponji yetu inatunza joto kuliko zote. Hilo nimewaambia wateja miaka nenda miaka rudi, na leo nimegundua kumbe ni kweli.

Mama wa kantini kaniazima sufuria yenye uzi mwekundu kwenye kishikio. Kanionya nisiipoteze kwa sababu si yake, ni ya mwanamke anayempikia mchuzi huo nyumbani kwake. Akaanza kunielezea habari zake. Nilikuwa na haraka, sikungoja.

Lakini mchuzi hauwezi kutokea hewani. Nyumba lazima inukie mapishi. Kwetu hatujazoea hayo jioni: mama watoto hupika alfajiri kabla ya kwenda kazini, jioni tunapasha moto tu. Basi nikajifungia jikoni, nikakata kitunguu, nikakikaanga taratibu kwenye kikaango. Nikagongagonga vifuniko. Nikaimba. Machozi yalinitoka, lakini mlango ulikuwa umefungwa.

Nilipofungua nilimkuta Baba amesogeza kigoda mpaka kizingitini.

Na amekula! Sahani nzima! Akaifuta kwa mkate ikang'aa. Nimerudi jikoni nikacheza na mwiko. Dada atajiju.

Jumatano, 6 Machi

Kitunguu, vifuniko, wimbo, mchuzi. Baba kala tena na kuomba aongezwe. Kuomba! Yeye mwenyewe! Nimepakua huku naimba.

Maadui wapo. Binti kasema nyama inanukia sponji. Nimemwambia ni kiungo. Mama watoto, ambaye kavunjika mkono lakini macho hayajavunjika, kaniuliza nimewezaje kuipikia familia nzima nikachafua kikaango kimoja. Swali la uchokozi. Ikabidi niingie jikoni, nichukue masufuria safi, niyapake masizi na mafuta, halafu niyaoshe kwa kelele ili asikie. Jamani! Kuchafua vyombo ni kazi kuliko kupika.

Kaniuliza pia kigodoro hiki kinachokwenda na kurudi ni cha nini. Nimesema mgongo.

Alhamisi, 7 Machi

Dada kapita bila taarifa. Kamkuta Baba ana mashavu. Baba! Mashavu! Tena alikuwa anapiga mluzi. Nilidhani Dada atafurahi. Aa wapi. Kafunua vifuniko kimoja kimoja, kanusa, kapitisha kidole juu ya jiko na kukitazama.

Nikamkumbusha, kwa upole kabisa, kwamba mwezi uliopita alituletea mchuzi wake wa sifa na Baba hakuugusa. Hilo halikumpendeza. Dada ni mke wa mwalimu mkuu na hakosolewi hovyo. Hupenda kutuambia kwamba wanawake wanaouza vyakula wamekosa la kufanya, yeye anashinda kwake akitarizi vitambaa. Hatujawahi kuona hata kitambaa kimoja.

Kabla ya kuondoka katoa hukumu. Jumapili hatakaa sebuleni. Atakaa jikoni, anitazame tangu ninapowasha jiko mpaka ninapopakua, kwa sababu hawezi kuamini mtu aliyewahi kuunguza chai. Akigundua ujanja wowote, Baba anaondoka naye jioni hiyo hiyo.

Nikamwambia karibu sana, uje na njaa. Sauti ilitoka nyembamba kidogo. Ni hali ya hewa.

Jumamosi, 9 Machi

Kantini haifunguliwi Jumapili. Mtu wa kawaida angekata tamaa. Mimi nimenunua mchuzi wa kesho leo mchana, ukiwa wa moto unaunguza vidole. Nimeuviringisha kwenye vigodoro viwili badala ya kimoja, nimefunga kamba, nimeusukuma chini ya kitanda cha binti. Sponji inatunza joto. Kesho utakuwa vile vile.

Mpango wenyewe: naanza kupika kweli mbele ya Dada, maji, viazi, mbwembwe zote. Mama watoto anamwita Dada chumbani amfungie kitambaa cha kichwani, maana kwa mkono mmoja hawezi. Wakipiga soga, mimi nabadilisha sufuria. Hakuna pa kuvujia! Mama watoto nimemwambia tu amwite Dada nikikohoa. Hakuuliza sababu. Kacheka tu, akageukia ukutani.

Karani wa dukani, baada ya kuniona nabeba vigodoro, kaniuliza si ningejifunza tu kupika. Namhurumia. Hana maono.

Jumapili, 10 Machi

Niandike upesi kabla sijabadilisha mambo.

Dada kafika mapema, kajifunga kanga, kakaa jikoni kama msimamizi wa mtihani. Baba naye kwenye kigoda chake. Nikawasha jiko. Nikakaanga kitunguu, hicho sasa nakiweza. Nikamenya viazi, vikabaki vidogo. Nikakohoa. Mama watoto akaita. Dada akaenda. Mpaka hapo, safi.

Nikakimbia kuutoa mzigo, nikaingia nao jikoni kwa mlango wa uani, nikafungua kamba. Kigodoro cha kwanza kilikuwa na joto. Nikafurahi. Cha pili kilikuwa na joto zaidi, na unyevu. Furaha ikapungua kidogo. Nikafunua kifuniko.

Lo! Mchuzi ulikuwa unatoa povu. Wenyewe, bila moto! Sponji ilikuwa imeutunzia joto usiku kucha, nao ukachacha mpaka ukawa hai. Harufu ilitoka jikoni ikaenda chumbani ikawaleta wote.

Nilibaki nimekumbatia sufuria. Dada hakunitazama mimi. Alitazama kishikio. Uzi mwekundu! Akauliza sufuria yake nimeitoa wapi.

Yake!

 Nilipata akili polepole, binti alishanitangulia. Akamuuliza Shangazi kama vitambaa anavyotarizi vinaliwa pamoja na viazi. Dada akaificha mikono ndani ya kanga. Mwanamke anayempikia mama wa kantini ni Dada yangu! Wiki nzima nimekuwa nikinunua mchuzi wa Dada ili kumshinda Dada. Mama watoto alicheka mpaka akaegemea ukuta, akishikilia plasta yake.

Lakini Dada si mtu wa kubaki chini. Alijikusanya haraka. Akasema basi jambo limekwisha: kilichomnenepesha Baba ni mikono yake yeye, kwa hiyo Baba aende penye mikono hiyo. Begi liko wapi?

Ukweli ukanitoka. Mimi! Ninayejibu wateja kabla hawajauliza.  Nikasema kitu ambacho sikukipanga, kwamba simtaki Baba aondoke, kwamba nilidanganya kwa sababu naogopa nyumba bila yeye. Mbele ya watu wote, na mikono imejaa mchuzi uliochacha.

Baba akasema tunyamaze. Kasema Jumanne alipotia tonge la kwanza mdomoni alishajua ni mchuzi wa binti yake, kwa sababu hajawahi kujua kipimo cha pilipili manga tangu akiwa mdogo. Dada kajikunja. Halafu Baba kamuuliza: mchuzi ule ule alipouleta mwezi uliopita, je, yeye Baba aliula? Dada kakiri hakuula. Na Baba akienda kwake Dada, huula? Dada kasema hapana, kwa sauti ya chini.

Hapo Baba kanionyesha kikaango. Kasema miaka yote aliyofanya kazi, akifika getini jioni alisikia harufu ya kitunguu, akajua Mama yumo ndani na chakula kinakuja. Tangu Mama aondoke, jioni imekuwa haina harufu. Jumanne kakisikia tena kitunguu, na mtu anaimba vibaya huku akigonga vifuniko, na njaa ikamrudia yenyewe. Angekula hata sponji.

Dada akalia. Mimi nililia kwa sababu ya kitunguu. Binti anasema kitunguu kilikuwa kimeshaiva zamani. Anyamaze.

Baba kasema habanduki kwenye kigoda chake. Kwa masharti mawili: kitunguu kila jioni, na maharage nisiyaguse kamwe kama hayajalowekwa. Dada akafungua kanga akajifunga upya, akashika mwiko. Mama watoto akaamrisha kwa mkono mmoja. Binti akamenya viazi, vikabaki vikubwa. Mimi nikapewa kitunguu kingine. Tulikula wote jikoni tukiwa tumebanana, na Baba akalamba vidole. Dada kaniomba mume wake asijue habari za kantini. Nimemwahidi, kwa sharti kwamba aombe msamaha kuhusu ile chai. Kagoma.

Jumatatu, 11 Machi

Nimetafakari. Ukweli lazima usemwe: Baba amepona kwa upishi wangu. Ameshuhudia mwenyewe mbele ya mashahidi. Mchuzi ulikuwa wa Dada, sawa, lakini mchuzi ni sehemu ndogo ya mchuzi.

Makosa nimeyaona na nimeyarekebisha. Kosa lilikuwa moja tu, vigodoro vyembamba. Shuleni kwa binti wanahitaji mzazi wa kuwapikia wageni siku ya wazazi, nimepeleka jina langu kabla binti hajaweza kunizuia. Mtaa wa pili kuna kantini nyingine. Nimemuuliza mwenye kantini anayempikia ni nani, na kama mpishi huyo ana kaka anayeuza magodoro. Hana. Dukani nimeshalitenga godoro la watu wawili. Nimelipima, linaviringisha masufuria yote makubwa na nafasi inabaki.

Jioni hii Baba kaniita kutoka kwenye kigoda, kitunguu kimechelewa. Nimekimbia kukikata. Kimenukia mpaka barabarani, naye kaanza mluzi wake. Nimesikia raha moyoni, sifichi.

Nikaona nisimlishe kitunguu kitupu, nimpikie kitu cha maana leo. Kulikuwa na maharage makavu kabatini. Nimeyatia moja kwa moja, na chumvi yake. Kuloweka ni kwa watu wasiojiamini.