Aproni ya Ngazi ya Pili

Jumatatu, tarehe 3 Februari

Mama Watoto,

Leo wamekuja watu wa utafiti. Wana fedha za wafadhili wa nchi za nje. Wanataka kujua kama kisukari na shinikizo la damu vinaweza kuzuiwa mtoto akiwa bado tumboni. Nilikuwa nakata kola. Mkasi ukanisimama mkononi. Sukari ilimchukua mama yako, ukafuata wewe. Na binti yetu, kliniki wamemwambia sukari yake imepanda kidogo na ujauzito huu. Hakulia. Aliniuliza tu kama nimekula.

Jengo letu lina ngazi mbili za kupandia, kila moja na vyumba vyake, unazikumbuka. Wamepiga kura ya bahati nasibu. Wajawazito wa ngazi ya kwanza watatembelewa kila wiki na mshauri, wafundishwe kula, kutembea na kulea. Wa ngazi ya pili watapimwa tu, ili baadaye walinganishwe na wenzao. Sisi ni ngazi ya pili. Mkamwana wa Wembe kinyozi ni ngazi ya kwanza. Wembe amepita dukani kwangu akipiga mluzi. Kasema pole fundi, safari hii kura imewaruka.

Nimeendelea kukata kola. Nina mpango.

Jumanne, tarehe 4 Februari

Mpango: binti ahamie kwa shangazi yake, ngazi ya kwanza. Nimebeba godoro mwenyewe. Limekwama kwenye kona ya ngazi, mimi nikiwa upande wa ukutani. Wembe katoka kunyoa, akasimama chini na taulo begani, akaniuliza kama nimepanga chumba hapo au napita.

Mshauri, binti mpole, kaja kusaidia kuvuta. Kisha akaeleza kwamba kinachohesabiwa ni mahali mtu alipokuwa akiishi siku ya kura. Godoro limerudi. Kushuka limekwama pia.

Alhamisi, tarehe 6 Februari

Mkamwana wa Wembe anafundishiwa chumba cha nyuma cha kinyozi, kuna pazia tu katikati. Nimeenda kunyoa. Nikaomba kiti cha karibu na pazia, nikasema mwanga ni mzuri pale. Nimesikia vizuri kabisa habari ya chumvi. Ilipofika habari ya sukari, Wembe akanishtukia. Mashine ya kunyolea akaihamishia sikio la upande wa pazia na hakuiondoa tena.

Nimerudi na kichwa kipara kama kifungo. Binti kaniuliza nani kanifanyia hivi. Nimesema joto.

Ijumaa, tarehe 7 Februari

Mungu hakunitupa. Mshauri huvaa aproni ya kufundishia, na mshono wa tumboni umeachia. Nimemwambia nitaushona bure. Kasema atasubiri. Nimemwambia kazi hii haitaki haraka, mwanangu, njoo kesho.

Ungeipenda. Tumboni kuna mfuko, ndani yake mtoto wa kitambaa anayetoka na kurudi. Kulia mifuko ya maharage, mboga, samaki na matunda, yote ya kitambaa. Kushoto soda, sukari na vya kukaanga, vimepigwa msalaba mwekundu. Nyuma ya kila mfuko wameshona maneno machache ya maelezo. Nimefunga nusu mlango, nikawaambia wateja cherehani inaumwa. Nikaweka karatasi, nikapiga chaki, nikakata nyingine kama hiyo.

Yangu nimeitia bitana, kitambaa cha pili kwa ndani. Ya kwao haina.

Mtoto sikuwa na kitambaa cha kumfaa. Nikatoa gauni lako la njano, nikachukua upande wa pindo. Nililia kidogo, halafu nikabadilisha uzi.

Nilipokuwa natafuta kifungo cha kichwa chake, nimekuta chembe za sukari kwenye kopo la vifungo. Ndimo ulimokuwa ukificha sukari yako nisiione. Nilikuwa najua, mama. Nilidhani nikinyamaza utachoka mwenyewe.

Jumanne, tarehe 11 Februari

Somo la kwanza la ngazi ya pili, dukani kwangu. Wajawazito wote wamekuja, na bibi mmoja asiye mjamzito. Hakuna aliyejua aproni inavaliwaje, ikabidi nivae mimi. Nikasimama pale, kichwa kifungo, nikamtoa mtoto tumboni. Akakwama mguu.

Bibi kasema huyu wa fundi anatanguliza miguu, aitwe mkunga. Binti yetu kacheka. Mama Watoto, kacheka mpaka akashika cherehani. Sijamsikia akicheka tangu tukuzike.

Kisha wakauliza maswali. Nilijibu yaliyoandikwa nyuma ya mifuko, na yasiyoandikwa nikawaambia wamuulize nesi.

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Wanawake wa ngazi ya pili wanatembea pamoja kila asubuhi. Binti yuko mbele, na aproni anavaa yeye sasa. Kliniki wamempima leo. Sukari imeshuka. Kanionyesha kwa vidole tu, maana alikuwa anatafuna karoti.

Nimekunywa chai yangu bila sukari. Mbaya sana. Nimemaliza.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Wafadhili wamekuja kukagua. Wajawazito wamekaa uani, ngazi ya kwanza upande huu, sisi upande ule. Waliuliza mtoto apewe nini miezi sita ya mwanzo. Ngazi ya kwanza wakajibu mmoja mmoja, maziwa ya mama peke yake. Ngazi ya pili wakajibu kwa pamoja, kama kwaya, na sababu wakazitaja.

Mfadhili mmoja, mama mwenye miwani, kashika aproni ya binti yetu, kaigeuza, kaona bitana. Kauliza imeshonwa karakana gani. Nikanyoosha mkono.

Wembe akakohoa. Mkuu wa utafiti aliitazama ile aproni kama mtu aliyeona tundu kwenye suti mpya.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Mkuu wa utafiti kaja dukani, kakaa kwenye stuli ya wateja. Hakugomba. Aliniuliza, fundi, mtu akitaka kujua kama bitana inadumisha koti, afanyeje? Nikasema ashone moja kwa bitana na jingine bila, ayape mvua moja. Akaniangalia. Nikaelewa kabla sijafunga mdomo: mimi nimetia bitana makoti yote mawili.

Kasema jengo letu linatolewa kwenye utafiti, ngazi zote mbili. Kasema wasipoweza kuonyesha kwamba mshauri anasaidia, wafadhili wataacha kutoa, na wapo kina mama wengi, nchi nyingi, ambao hawatampata mshauri kamwe.

Nimeona aibu ya kweli. Lakini nikamuuliza, na binti yangu mimi angebaki bila bitana? Kasema swali hilo huwa analala nalo.

Nimemwahidi sitagusa tena utafiti wa watu. Nimeahidi nikiwa nimesimama.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Wembe kaja. Hakupiga mluzi. Mkamwana wake hana mshauri sasa, kwa sababu yangu. Huku akitazama ukuta, kaniuliza kama darasa la ngazi ya pili linapokea wageni. Nimemwambia alete mtoto wetu huyo, na aje na kiti. Kasema atanilipa kwa kuninyoa bure. Nikamwonyesha kichwa kilichoanza tu kuota nywele, nikamuuliza atanyoa nini.

Tumecheka wote wawili. Kabla hajaondoka kasema na yeye anakukumbuka.

Jumanne, tarehe 18 Machi

Utafiti umehamia jengo la ng'ambo ya barabara. Nalo lina ngazi mbili. Nikiwa kwenye cherehani namwona mshauri akipanda ngazi ya kushoto, na kwenye ngazi ya kulia kuna msichana mdogo, tumbo limeshaonekana, ameketi na soda. Hakuna anayepanda kwake.

Ahadi yangu ipo pale pale.

Ila jana mshauri kapita kunisalimia, nikaona ukanda wa aproni yake umeanza kuachia begani. Nimemwambia alete. Kazi hii haitaki haraka.

Gauni lako limebaki kipande. Kinatosha mtoto mmoja wa kitambaa, labda wawili nikibana pindo. Na zile chembe za sukari bado zimo kwenye kopo la vifungo, sijazimwaga.

Mjukuu akifika nitamwambia njano ile ni ya nani. Nawe huko uliko, unikumbuke.