Nilivyomwalika Minza Kwenye Karamu ya Maskini

Leo nimejivua nguo mbele ya watu, na kitenge nilichovaa ni kipya. Wenzangu wa kwaya mliokwenda kuimba Maswa, mkirudi kesho habari hii itawafikia kwa vinywa vya wengine, tena imeongezwa chumvi. Bora mnisikie mimi mwenyewe.

Mnajua tumeezeka bati. (Mnajua. Nimemwambia kila mmoja wenu.) Tangu wanunuzi binafsi waanze kuleta magari yao hapa Nkololo kugombania pamba, msimu huu tumeuza vizuri, na Baba Nkwabi akasema mambo ya nyasi basi. Nyumba ikaisha. Ikabaki kumshukuru Mungu.

Sasa Jumapili iliyopita mwinjilisti wetu akahubiri lile fundisho la Yesu kuhusu karamu. Ukiandaa chakula, usiwaite rafiki zako, wala ndugu zako, wala jirani mwenye uwezo. Hao nao watakualika kwao, na malipo yako yatakuwa yameishia hapo. Waite maskini, vilema, vipofu, watu wasio na cha kukurudishia. Jamani, neno lile lilinichoma! Wengine walikuwa wanasinzia. Mimi nilitoka kanisani nikiwa nimeshachagua mbuzi.

Mnanijua. Nikishika jambo, silishiki kwa mkono mmoja.

"Dada zako hawaji," nikamwambia Baba Nkwabi.

"Dada zangu hawaji kwenye shukrani ya nyumba yangu?"

"Yesu ndiye kasema."

(Mawifi zangu mnawafahamu. Sitasema zaidi. Ila fundisho lile lilikuwa tamu kuliko yote niliyowahi kusikia.)

Baba Nkwabi alikuwa anachonga mpini wa jembe. Akachonga weee, halafu akasema, "Sawa. Na hao utakaowaita, utawaambia unawaitia nini?"

"Nawaitia chakula."

"Mtu haitwi kwa shida yake, Mama Nkwabi."

Nikamwambia kwamba tatizo lake yeye ni kukaa kiti cha nyuma kanisani, hasikii vizuri. Nikajifunga kanga, nikaenda kualika.

Nilianza na Mzee Maduhu, yule kipofu wa karibu na kisima. Akakubali kabla sijamaliza salamu. Nikaenda kwa Shija, ambaye mguu wake ulipooza tangu utotoni. Nikaenda kwa yule bibi anayelea wajukuu yatima, nikamwambia aje nao wote. Na wengine, na wengine. Mwisho nikafika kwa Minza.

Kwa Minza nilisita. Minza nimekua naye. Tumechunga wote, tumeimba wote, tumeolewa kijiji kimoja. Zizi la mumewe lilikuwa linajaa mpaka ng'ombe wanalala nje ya boma. Kisha serikali ikaacha kuleta dawa ya josho, tukaambiwa kila mtu ajinunulie yake. Josho likakauka, majani yakaota ndani. Kupe wakafanya walivyotaka. Ugonjwa wa ndigana ukaingia lile zizi ukalimaliza, na mumewe hakukaa sana baada ya ng'ombe wake. Siku hizi Minza anapalilia pamba ya watu. Lakini ukimkuta shambani kwa mtu na jembe mkononi, anakwambia amepita kusalimia tu. Hajawahi kusema ana njaa. Hata mara moja.

Nikajiambia, si hana kitu siku hizi? Basi anaingia.

Sikumwambia hivyo, mimi si mwendawazimu. Nilimwambia, "Minza, Jumamosi njoo, tunashukuru nyumba."

Alicheka mpaka akanishika bega. "Kabula, nisipokuja mimi, nani aje?"

Ndiyo leo hiyo.

Asubuhi tukachinja. Nikapika wali, nikapika ugali, nikachemsha na michembe, vile viazi vitamu vikavu, kwa karanga kwa ajili ya wazee. Watu wakafika. Shija alikuja amenyoa ndevu. Bibi alikuja na wajukuu wake wamepakwa mafuta wanang'aa. Mzee Maduhu alishikwa mkono hadi kwenye mkeka, akapapasa ukuta, akauliza kama bati ni la kweli. Nikasimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni, nikawaza huko mbinguni wananionaje. (Mnaona nilivyokuwa? Mnaona?)

Minza akafika na kibuyu cha maziwa mgando kichwani.

"Mwadila, Kabula," akanisalimia. "Mtu haingii nyumba mpya mikono mitupu."

Ng'ombe hana. Nilijua kabisa maziwa yale ameyafanyia kazi kwenye zizi la mtu. Na ninyi ambao hamkuwepo wakati ule, niwaambie: nilipomzaa Nkwabi maziwa yangu yalikataa kutoka, na Minza ndiye aliyeleta maziwa kila asubuhi mpaka mtoto akasimama. Hakuwahi kuyataja tena. Nilipokea kibuyu, moyo ukanigonga kidogo, nikaupuuza. Nilikuwa na wageni.

Akaangaza uwanjani. "Mawifi zako bado?"

"Wanakuja nyuma," nikasema. (Uongo. Kwenye karamu ya Yesu.)

Hapo, jamani, ndipo ningeshtuka kama ningekuwa na akili. Minza hakukaa mkekani. Aliingia jikoni kwangu kama alivyoingia siku zote, akafunga kanga kiunoni, akaniambia wali unaungua. Akachukua birika, akaanza kuwanawisha watu mikono. Alimnawisha Mzee Maduhu kidole kimoja kimoja. Alimsogezea Shija kigoda. Aliporudi kuongeza maji, akaninong'oneza:

"Umefanya vizuri kuwakumbuka na hawa, Kabula. Mungu akubariki."

Na hawa! Nilikosa pa kutazama. Nikakoroga mchuzi ambao ulikuwa umeshaiva zamani.

Akafika mwinjilisti. Sasa nikiri: nilikuwa nimemdokezea mpango wangu. Si ili anitangaze. Au ili anitaje kidogo tu, wakati wa maombi, kwa sauti ya chini. Masikini mtumishi wa Mungu, alifurahi kuliko mimi. Nani huwa anamsikiliza? Akasimama, akafungua mikono.

"Wapendwa, leo nimeona mahubiri yangu yanatembea! Mama huyu hakualika rafiki hata mmoja. Hakualika ndugu. Amewaita wale tu wasio na cha kumrudishia. Amina?"

Aliyejibu amina nilikuwa mimi. Peke yangu. Kwa sauti.

Mzee Maduhu akaangua kicheko. "Kumbe! Basi kipofu ni mimi, sibishi. Kilema nani?"

"Mimi hapa, baba," akajibu Shija, naye anacheka.

"Vizuri. Sasa maskini ni nani?"

Watu wakaanza kutazamana. Kila mmoja alikuwa anamtafuta maskini usoni kwa mwenzake. Mwisho yule bibi wa yatima akanyoosha mkono: "Mayu, kama nyama ndiyo hii, niwekeni mimi!" Watu wakacheka sana. Minza naye akacheka, amesimama na birika lake. Halafu nikaona kile kicheko kinamtoka usoni taratibu. Akatazama mkekani. Akatazama njia ambayo mawifi zangu hawakuwa wanakuja. Akanigeukia.

"Kabula. Mimi niko upande gani?"

Mimi hapo na upawa mkononi. Mimi niliyesema sana maisha yangu yote, mkitaka niulizeni jambo lolote nitajibu. Nikasema, "Wewe ni rafiki yangu, Minza."

"Lakini si amesema rafiki hakualikwa hata mmoja?" akauliza Mzee Maduhu. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka kuelewa somo.

Nilitaka sana Minza ale nyama yangu, aone nyumba yangu, akae kwangu leo. Nilimtaka yeye kuliko wote waliokuwa pale. Na mlango niliompitishia ni ule wa ufukara wake, kwa sababu ndio nilioukuta umeandikwa wazi kwenye fundisho lile.

Minza akaweka birika chini vizuri, lisimwagike. Akafungua kanga kiunoni, akajitanda. "Karibuni chakula," akawaambia wageni. Kisha akanishukuru mimi: "Wabeja, mayu. Mimi nimeshiba."

Hakuwa ameonja hata mchuzi. Na tangu tukiwa wasichana hajawahi kuniita mayu, yaani mama, kama anavyomwita mke wa mtu asiyemfahamu.

Akaenda zake. Mnadhani nilikaa nikatafakari? Thubutu! Nilijaza bakuli nyama, vipande vizuri vizuri, nikamkimbilia. Barabarani! Mama mzima, kitenge kipya, machozi yanatiririka, mchuzi unatiririka mkononi hadi kiwikoni. Lori la wanunuzi wa pamba likapita, na vijana waliokaa juu ya mzigo wakapiga miluzi: "Mama, nyama bei gani?" Nikaendelea kukimbia. Nilikuwa nampelekea mtu aliyekataa kuitwa maskini sadaka ya nyama mbele ya barabara nzima, na sikuliona hilo mpaka nilipomfikia.

Alisimama. Akatazama bakuli. Hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Mama Nkwabi," akasema, "tangu ng'ombe wafe, kila nyumba ninayoingia naingia mjane wa yule aliyefilisika. Wananihurumia kabla sijakaa. Kwako tu ndiko nilikuwa bado Minza. Sasa sina pa kwenda kuwa Minza."

Nikamwambia nisamehe. Akasema amenisamehe, si ndivyo tulivyofundishwa? Akanipangusa mchuzi mkononi kwa ncha ya kanga yake, kama unavyompangusa mtoto, akaendelea na safari yake. Nikabaki nimesimama katikati ya vumbi la lile lori.

Niliporudi, sufuria zilikuwa nyeupe. Wameimba, wameomba, wameibariki nyumba. Mwinjilisti akaniambia thawabu yangu ni kubwa mbinguni, nikamwomba anyamaze kidogo, Mungu anisamehe. Baba Nkwabi alinipokea bakuli. Hata lile neno lake la mpini wa jembe hakulirudia, na alikuwa na haki ya kulirudia mpaka Krismasi. Nimelia jikoni hadi kanga imelowa. Sijalia hivi tangu msiba wa mama yangu.

Nimewaza jioni yote. Wasio na cha kukurudishia, alisema Yesu. Sasa nani kati yetu wawili hana cha kurudisha? Nkwabi anacheza mpira huko nje na miguu imara, na maziwa yale sikuyalipa, wala hakuna karamu itakayoyalipa. Aliyepaswa kukaa mkekani anawishwe mikono ni mimi.

Basi kesho baada ya ibada naenda kwa Minza. Sibebi kitu, na sitakula tangu asubuhi. Nitakaa mlangoni kwake kama rafiki yake wa zamani mwenye njaa, mpaka aniulize kama nimekula. Mkirudi kutoka Maswa mkapita njia ile mkanikuta nimekaa hapo juani, nawaomba msinicheke, na kwa jina la Yesu, msinikaribishe kwenu.