Masharubu ya Bwana Stoo

Jumatatu, 3 Novemba

Meneja ametukusanya wanaume wote wa duka mbele ya masinki. Mwezi huu hatunyoi. Wateja na majirani wakiona ndevu zetu watuchangie, fedha ziende kliniki ya wanaume: tezi dume, presha, sukari. Makofi! Mwisho wa mwezi daktari atakuja kutupima sisi wenyewe, hapa hapa dukani. Hapo makofi yakapungua.

Mwenye michango mingi picha yake itabandikwa dirishani, kubwa kama mlango. Dirishani! Mimi niliyezeekea nyuma ya maboksi ya vigae, hata jina langu wamelisahau, wananiita Bwana Stoo. Nimejiandikisha wa kwanza. Wa pili Mhasibu. Huyo ndevu zake huota akiwa anakula. Asubuhi kanyoa, mchana ana kivuli. Kidevu changu mimi ni sinki jipya.

Lakini akili ni nywele. Zangu zimeota ndani.

Alhamisi, 6 Novemba

Sijalala vizuri. Kutwa kucha msalani. Nimemweleza mke wangu kuwa ni tikiti maji. Amenikumbusha kwamba tikiti liliisha tangu Jumapili. Nikasema yapo matikiti yanayokaa mwilini. Amesema niende nikapimwe, niache porojo. Mwanamke huyu! Mimi nachangisha kwa ajili ya wagonjwa, nafasi ya kuumwa nitaitoa wapi?

Kidevuni bado kweupe. Nimesikia kitunguu huotesha nywele, nikajipaka maji yake tele kabla ya kazi. Mteja wa kwanza kaziba pua, akauliza kama mabomba yetu yote yananuka hivyo. Meneja akamwita fundi bomba. Wamefukua sakafu ya bafu la maonyesho wakitafuta uvundo. Nimewasaidia kubeba kifusi. Kimya kimya.

Jumanne, 11 Novemba

Mhasibu anafanana na nabii. Watu wanampa michango kwa mikono miwili.

Nimechukua wanja wa mke wangu, nikajichora masharubu. Kwenye kioo nilikuwa bwana mkubwa. Dukani feni likagoma. Jasho! Kufikia mchana masharubu yameteremka hadi kidevuni, yakaingia kolani. Bibi mmoja mnunuzi wa vigae amenivuta pembeni, akaniuliza kwa huruma kama mke wangu hanipikii, hata nimeanza kula mkaa.

Amenipa sarafu. Si ya kampeni. Yangu, ninunue chakula.

Jumatano, 19 Novemba

Leo ni leo! Nimemwendea kinyozi, nikaomba nywele zilizoanguka sakafuni. Akauliza za nini. Nikasema utafiti. Akanichagulia nyeusi, za mteja wake mwenye heshima.

Na gundi? Mtu wa stoo hakosi gundi. Nimetumia ya vigae vya bafuni. Kopo limeandikwa kwamba haiogopi maji, joto wala miaka. Mke wangu alipofungua mlango wa chumba amepiga ukelele wa mwizi. Ushahidi kwamba yamekolea.

Dukani, shangwe. Mama wa duka jirani amenichangia mara mbili, akaomba kuyagusa. Nikamwambia bado ni machanga. Mhasibu naye kaja kunipa mkono. Amesema, "Hongera, Bwana Stoo. Baba yangu alikuwa nayo kama hayo."

Wivu mtupu.

Ijumaa, 21 Novemba

Mdomo haufungi. Gundi imekuwa jiwe. Mdomo wa juu umekakamaa, herufi M, B na P zimegoma. Na duka letu lote ni bomba, bafu na pampu! Mteja ameuliza bomba la bafuni liko wapi. Nimemjibu, "Ohha la hafuni liko huku." Ametoka haraka, mtoto wake kamshika mkono.

Mhasibu amenivuta ofisini kwake, akafunga mlango. Akaleta mafuta ya kupikia na kitambaa. Amenisugua taratibu, kama mtu anayemwosha mtoto. Hakucheka. Huku anasugua akanisimulia: baba yake alificha maumivu yake, akisema ni uchovu tu. Alipopelekwa hospitali alikuwa hasimami tena. Hawakumrudisha nyumbani akiwa hai. Ndiyo maana Mhasibu anafuga ndevu, anaomba michango. Akasema nimsamehe kwa kulia kazini.

Nilitaka kumfariji. Mdomo ulikuwa bado umenata.

Baadaye nikawaza: kumbe! Masharubu peke yake hayatoshi, lazima uwe na kisa. Nimempigia baba yangu kumuuliza kama anaumwa popote. Yuko juu ya bati, anaziba paa. Mzee huyu hajawahi kunisaidia kitu.

Upande wa kushoto umebanduka. Wa kulia umekataa.

Ijumaa, 28 Novemba

Daktari kaja. Wanaume hawapo!

Dereva kapeleka lori lipimwe matairi. Wauzaji wawili wamekwenda kumzika mjomba mmoja, nao si ndugu. Meneja yuko kwenye kikao, ndani ya gari lake, peke yake. Mwezi mzima tumehubiri afya kwa ndevu, na ndevu zote zimekimbia. Aliyebaki ni Mhasibu, kakunja shati, mkono mezani.

Mimi nilijificha stoo. Lakini mkojo hauna siri. Nikanyata kwenda msalani. Nilipotoka, daktari amehamishia meza yake mlangoni! Mama wa makamo, mwenye macho ya mahakama. Amesema, "Wengine nawafuata. Wengine nawasubiri hapa, huja wenyewe." Akauliza kama nimekuja mara nyingi leo. Nikasema ndiyo kwanza. Mfagizi, bila kuulizwa, akadakia, "Daktari, huyu tungemtandikia humo humo ndani!"

Mhasibu akanishika bega, akasema atakaa nami hadi mwisho. Wametoa damu. Yaliyofuata siyaandiki, hata humu.

Mshindi ni Mhasibu. Picha yake ameikataa. Amesema dirishani ibandikwe namba ya simu ya kliniki. Dirisha zima! Namba! Elimu nyingine ni hasara.

Jumatano, 3 Desemba

Majibu. Tezi imevimba, lakini si saratani. Daktari amesema nimewahi. Ningeendelea kujificha, siku moja mkojo ungeziba kabisa nikabebwa. Ni dawa kila siku, na kurudi kuangaliwa. Mke wangu alinisindikiza kliniki. Aliposikia "si saratani" akaketi chini, pale pale sakafuni, akalia kwa sauti. Kisha akanishika shati kwa mikono yote miwili. "Mficha maradhi kifo humuumbua," akasema. "Ukinificha tena nitakuumbua mimi."

Nikamwahidi. Moyo wangu umelainika. Kwa kweli nimekuwa mtu mwingine.

Kwenye korido tumemkuta Mhasibu. Naye kapewa dawa, kopo kama langu! Amefurahi, akasema tutakuwa tunakumbushana kumeza, kama ndugu. Nikamkumbatia.

Kisha nikarudi kwa muuguzi, nikamuuliza kwa sauti ya chini rekodi ya kupona haraka iko kwa nani. Hakunielewa. Si kitu. Mhasibu kapangiwa kurudi Ijumaa.

Mimi nimeomba Alhamisi.