Mwananchi wa Kawaida Anatakiwa Gdansk

Jumatatu, 12 Mei

Tangazo jipya ubaoni pa maktaba! Mtandao wa miji ya Baltiki, ule tuliojiunga nao ili tusafishe bahari pamoja na wenzetu wa ng'ambo, unatafuta mjumbe wa mji wetu, Kaislaranta, wa kwenda mkutanoni Gdansk. Asiwe diwani. Asiwe mtaalamu. Awe mwananchi wa kawaida.

Nikavua kofia palepale. Mimi ni mtunza kanisa. Nafagia, napiga kengele, nabandika namba za nyimbo ukutani. Kwa ukawaida, nani wa kunishinda?

Tena maisha yangu yote nimeitazama bahari hii kutoka upande mmoja. Natamani kuiona kwa nyuma kabla sijafa. Sijamwambia mtu ila Mungu, naye anajua kutunza siri.

Jioni mke wangu Saimi akaniarifu kwamba dada yake, Aune, naye anaitaka safari hiyo. Aune! Mwenye mkahawa wa bandarini, anayejifanya mjuzi wa mwani kwa kuwa unanukia mlangoni kwake.

Jumatano, 14 Mei

Mchaguzi wa mjumbe amefika. Ni Mdenmaki, anaitwa Birthe, mama mrefu mwenye buti za mpira. Kifini anakijua. Aliwahi kuolewa na mtu wa Helsinki. Mume akaenda zake, lugha ikabaki.

Nina mpango. Hapa kwetu ukitaka kummaliza mtu, msifu hadharani. Asubuhi hiyohiyo watu wataanza kumtafutia kasoro. Basi nikasimama gatini, Aune yupo, nusu ya mji ipo, nikamwambia Birthe kwamba shemeji yangu ni hazina. Mwani wote anaujua kwa majina. Bata waliogandishwa na barafu amewaokoa kwa mikono yake. Watu wakainamisha macho kwa aibu, kama nilivyotarajia. Aune akageuka mwekundu kama kamba wa kuchemshwa.

Birthe akaandika kila neno! Akanipa mkono! Kumbe kwao sifa ni sifa tu.

Aune akanivuta kando. "Shemeji, unaumwa?"

Mungu anisamehe. Sidhani kama hata bata mmoja aliokolewa.

Alhamisi, 15 Mei

Leo mgeni amekaribishwa sauna ya usharika, bafu letu la mvuke. Wanawake upande wao, wanaume upande wetu, ukuta wa mbao katikati. Ukuta mwembamba. Hapo ndipo akili ilipochemka.

Mtu hawezi kujisifu, ni aibu. Lakini kumshukuru Mungu si aibu. Nikamwaga maji juu ya mawe, mvuke ukapanda, nikaanza kuomba kwa sauti. Nikamshukuru Bwana kwa vipaji alivyonijalia: ustahimilivu wa safari za meli, tumbo lisilochagua chakula, na hasa unyenyekevu. Kwenye unyenyekevu nilikaa sana.

Ng'ambo ya ukuta, Birthe mwenyewe. Nikajua maneno yanamwingia.

Mwisho ikasikika sauti ya Aune, taratibu: "Amina."

Kumbe Birthe alishindwa na joto mapema, alikuwa nje kwenye ngazi anapunga upepo. Shemeji peke yake ndiye aliyebarikiwa.

Ijumaa, 16 Mei

Siku mbaya.

Kahawa ya kumuaga mgeni, ukumbi wa usharika. Meza imejaa mikate ya iliki. Tukaambiwa karibuni. Hakuna aliyeinuka, bila shaka; kwetu mwenye adabu hukataa mara tatu ndipo akubali. Tukaambiwa tena. Tukatazama sakafu. Kahawa ikapoa kwa heshima zote. Birthe akatutazama, akaenda mezani mwenyewe, akajikatia keki. Mtu wa kwanza! Mume yule wa Helsinki hakumfunza lolote.

Kisha akasimama na sahani mkononi, akanitazama mimi.

"Taisto, nilikuona ukimsifu mpinzani wako mbele ya watu. Mtu wa namna hiyo ndiye tunayemtaka. Utakwenda Gdansk?"

Moyo ukapiga kengele zote. Nikainamisha kichwa, nikasema hapana, mimi ni nani, wako wanaofaa zaidi. Vizuri kabisa. Ukumbi mzima ukatikisa kichwa kuniunga mkono. Nikasubiri aniombe tena.

Akasema anaheshimu uamuzi wangu. Akamgeukia Aune.

"Nitakwenda," akasema Aune.

Mara ya kwanza! Bila hata kukohoa! Vikombe vikasimama hewani. Nami nimekaa na hapana ya pili mdomoni, na ya tatu, ambayo ilikuwa nzuri mno, ina mstari wa Zaburi ndani yake.

Jumapili, 18 Mei

Mchungaji kahubiri unyenyekevu. Nikapiga kengele mpaka njiwa wakahama.

Saimi anasema ningejibu ndiyo tu. Nikamuuliza: mara ya kwanza, mbele ya watu, kama mlafi? Akaendelea kumenya viazi.

Jumanne, 27 Mei

Njia za Mungu! Aune ameteleza juu ya mwani mbele ya mkahawa wake, mwani uleule anaoujua kwa majina. Kifundo kimevunjika. Meli inaondoka kesho.

Nilimpelekea mikate ya iliki. Nilisikitika kweli, kwa sehemu kubwa.

"Nimempa Birthe jina lako," akaniambia. "Akipiga simu, shemeji, sema ndiyo. Ni neno fupi."

Nikacheka. Mtu aliyevunjika mguu huropoka.

Jioni simu ikalia. Birthe! Je, nitakwenda badala ya Aune? Nikamwambia hapana, haiwezekani, nani atapiga kengele. Akasema anaelewa, akanitakia usiku mwema.

Safi. Hapana ya kwanza hiyo imekwisha. Shati limepigwa pasi, begi liko mlangoni, nami nimeketi karibu na simu. Saimi amekuja kuuliza kama nitakula supu ya samaki. Nikamjibu hapana, asante. Akafunika sufuria, akaenda kulala.

Simu bado. Si neno, muda upo. Ile hapana ya tatu nimeiongezea mstari mwingine wa Zaburi.