Papa Mbili Anaomba Kuingia Shirika

Asubuhi hii, tukiwa kwenye benchi la Mama Sidonie njia ya Lac Vert, kila mtu na kahawa yake, redio ikatoa habari: wanakijiji wa Kalengera wameunganisha mahindi yao, wakauza, wakanunua mashini ya kusaga. Hawakukopa kwa mtu!

"Ni sisi Waislamu tulianzisha ile shirika!" Hadji Bukavu akaruka, kahawa ikamwagikia suruali. Jina hilo alilipata kwa sababu safari yake ndefu kuliko zote iliishia Bukavu.

"Shirika?" akashangaa Valentin, mbeba watu kwa pikipiki na Mkatoliki damu damu. "Na Waislamu nao beko na shirika? Rozari munasalia kwa nani?"

"Weee Valentin! Kwenu shirika ni majirani ya kusali pamoja. Yetu ni ya kazi. Hata Wakristo beko ndani, kila mutu analeta yenye iko nayo. Riba hapana."

"Riba ni nini?"

Hadji akanyoosha kidole kwa Papa Mbili, aliyekaa mwisho wa benchi. "Ule pale."

Tulicheka mpaka benchi likalia. Papa Mbili huwakopesha wakulima wa Kalengera mfuko mmoja wa maharagwe ya kupanda, wakivuna anadai miwili. Mvua inyeshe, isinyeshe, miwili.

"Municheke tu," akanuna. "Nani alikuwa anabapatia mbegu wakati ya njaa?"

"Ulibapatia mbegu, kiisha ukabavuna benyewe!" akadakia Mama Sidonie.

Papa Mbili akashusha kikombe. Uso ulimwanguka, hata mimi nikamhurumia kidogo. "Musimu hii hakuna hata mumoja alikuya. Depo imejaa maharagi, badudu beko banakula."

"Mukuki kwa nguruwe, papa!" Valentin akapiga makofi.

"Nyamaza. Hadji, hiyo benefisi, faida ya mashini, munagawana namna gani?"

"Kila mutu na sehemu yake, vile tulipatana."

"Na mashini ikiharibika?"

"Hasara nayo tunagawana. Dini njo inasema vile: hauwezi kupenda benefisi ya mwenzako na kukimbia hasara yake."

Papa Mbili akasimama, akavua kofia, macho yanang'aa.

"Hapo dini imesema kweli! Munipokee leo leo na depo yangu. Benefisi sina haraka nayo. Tuanze na hasara!"

Valentin akawasha pikipiki, akaondoka bila abiria. Hadji akakimbilia swala, ingawa saa ya kuswali ilikuwa bado kabisa.