Dole Gumba la Pili

Jumatatu, 8 Septemba

Nimemaliza! Hatua zote za Ruka Mdundo, mchezo wa kwenye simu, mpaka ya mwisho. Jogoo wangu ameruka juu ya ngoma zote bila kukosea hata pigo moja. Nilisimama katikati ya chumba nikanyoosha mikono juu. Hakuna aliyeona. Mjusi ukutani, labda.

Kisha simu ikaniambia kuna nyimbo tatu za ziada, tamu kuliko zote, ila zinafunguliwa na wachezaji wawili kwenye simu moja. Kuzifungua ni majogoo wawili, kamba moja. Wa kushoto ana mapigo yake, wa kulia ana yake. Mmoja akichelewa, wote shimoni.

Wawili! Nani kawaambia kila mtu ana wa pili? Niko Newala mwaka wa pili sasa, nachora ramani za viwanja vya watu, na wanaoingia humu ndani ni mimi na vumbi.

Nimejaribu kwa mikono yangu miwili. Imelelewa pamoja, haijui kupishana. Nimejaribu mkono mmoja na dole gumba la mguu. Msuli wa paja umebana. Nimelala sakafuni muda mrefu nikitazama dari.

Niweke wazi hapa: sitafuti rafiki. Natafuta dole gumba.

Jumanne, 9 Septemba

Gervas, tunayepakana naye meza ofisini, kaingia akipiga mluzi wimbo nisioujua. Nikauliza kijuujuu tu ni wimbo gani. Akasema ni wa ziada, wa Ruka Mdundo. Yeye na mkewe Rose wamefungua zote tatu jana, wakisubiri kisamvu kiive. Wakisubiri kisamvu!

Nikasema mimi sina muda na michezo ya kitoto. Hakukasirika, ndiyo tabia yake mbaya. Akanialika kwao Kitangari Jumamosi: Rose atapika, tutacheza mpaka madole yachoke. Nikasema Jumamosi nina wageni. Wageni gani? Mdomo wangu unapenda kunitangulia. Lakini nikamwombe Gervas dole? Afadhali nyimbo zioze.

Alipotoka nilibaki ofisini nikijaribu kuupiga ule mluzi. Umenitoka kichwani wote.

Jumatano, 10 Septemba

Mpango! Foleni ya maji! Bomba la mtaa likifunguliwa, watu wanakaa kusubiri na hawana la kufanya. Madole gumba yamejaa pale, yanakaa bure. Mimi hununua kwa wauza maji wa baiskeli, sijawahi kupanga foleni hapa. Nikachukua ndoo yangu ya bluu, nikaiweka nyuma ya nyingine, nikasimama pembeni kuchagua dole.

Nageuka hivi, mama mmoja anaisukuma ndoo yangu kwa mguu! Nikapaza sauti: Mwizi wa ndoo! Foleni nzima ikageuka. Halafu ikacheka, kicheko cha kufungua vitenge. Nikaelezwa kama mtoto. Hapa inayopanga foleni ni ndoo, mwenye ndoo anakaa kivulini. Foleni ikisogea, aliye nyuma yako anakusogezea. Haombwi wala hashukuriwi. Yule mama alikuwa ananisaidia.

Anaitwa Bibiana, Mama Christopher. Christopher mwenyewe yuko Dar, anapiga simu sikukuu hadi sikukuu. Nyumba yake ni ya tatu kutoka kwangu, na sikuwa namjua. Nikainama nikampa shikamoo. Akasema marahaba mwanangu, mwizi wako ndiye huyu, unataka nini kingine? Kwa aibu nikasema ukweli: dole gumba. Nikamweleza habari za majogoo. Akalitazama dole lake, akasema jioni huwa hana kazi nalo.

Alhamisi, 11 Septemba

Mama Christopher kaja na bakuli la ming'oko, ile mizizi ya porini wanayochemsha huku. Tukakaa barazani. Dole lake si baya hata kidogo. Tatizo ni heshima. Kila apitaye anaamkia, shikamoo mama, na yeye hawezi kuitikia marahaba akiwa ameinamia simu. Anainua uso, anainua na dole. Anauliza habari za nyumbani, za mikorosho, za mguu wa bibi fulani uliokuwa umevimba. Majogoo shimoni. Mtaa mzima umepita leo. Nadhani wengine wamepita mara mbili kunitazama.

Nikashauri tuingie ndani tufunge mlango. Alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema mwanamke mwenye heshima zake hafungiwi mlango na kapera, hata kwa ajili ya jogoo.

Aliniuliza kama mama yangu yuko hai. Akauliza kama nalala vizuri. Tangu nihamie huku hakuna aliyeniuliza hivyo. Nikajibu ndiyo kwa yote mawili, kisha nikaingia ndani kunywa maji. Ming'oko ni mikavu.

Lakini wimbo haujafunguka! Jioni nzima imepotea.

Ijumaa, 12 Septemba

Kaja tena. Leo tulibakiza mapigo machache kufika mwisho. Mapigo machache! Akapita mwalimu na mkewe. Shikamoo mama. Shimoni.

Nilitaka kulia. Yeye akanipiga begani, akasema kesho tutaweza. Kesho jioni atakaa akiipa barabara mgongo, watu watamvumilia kwa siku moja. Nikasema haya. Moyoni nilishapata mpango bora, usiotegemea dole la mtu.

Dada yangu Sia kapiga simu kutoka Moshi. Anauliza nimepata marafiki? Nikasema tele, hata sasa wamejaa humu. Akasema mbona kimya hivyo. Nikasema wanakula.

Jumamosi, 13 Septemba

Asubuhi nimeiacha ndoo kwenye foleni, nikaenda Masasi. Pale Mkomaindo yupo fundi simu, Dickson, anayesifika kwa kufungua kila kilichofungwa. Nilipomweleza akasema mbona hiyo rahisi. Akavuta kigoda, akaweka dole lake upande wa kulia wa simu, akasema haya, anza. Nikamwambia sikutoka Newala kuja kutafuta wa kucheza naye. Nimefuata ufundi. Akanitazama kama simu iliyoingia maji. Kisha akafungua kwa njia anazozijua yeye. Nyimbo zote tatu! Ushindi!

Nimerudi jua linazama. Mlangoni nimekuta ndoo yangu imejaa maji, imefunikwa sahani, juu yake bakuli la ming'oko iliyopoa. Sikuwa na wakati wa kuuliza. Nikaingia, nikafunga mlango, nikasikiliza.

Kuna kasoro. Kwa njia ya Dickson unasikika upande wa kushoto tu. Na kumbe ni nyimbo za kupokezana, kushoto anauliza, kulia anajibu. Kushoto: Mwenzangu, umefika wapi? Kisha ngoma tupu. Kushoto: Nikungoje au nitangulie? Ngoma tupu. Nimesikiliza zote tatu mpaka mwisho, halafu nikarudia. Nikajisikia mpweke kiasi cha kutaka kutoka nje nimwamkie yeyote anayepita. Barabarani hapakuwa na mtu.

Bila shaka ni spika. Spika za simu hizi ni mbovu.

Jumapili, 14 Septemba

Mama Christopher kapita akitoka kanisani. Anasema jana alikuja na dole lake. Alikaa barazani kwangu akiipa barabara mgongo mpaka akachoka, watu wakadhani amenuna. Ndoo yangu walisogezeana kutwa nzima kwenye foleni, mwishowe akaibeba mwenyewe kichwani.

Nikamwambia asijisumbue tena, nyimbo zimefunguka. Akauliza, ni nzuri? Nikasema nzuri mno. Akataka nimwimbie kidogo. Nikaimba. Alisikiliza kwa makini, kisha akauliza mbona huyo mtu anauliza tu, nani anamjibu? Nikasema ndivyo ulivyotungwa. Akasema haya mwanangu. Akachukua bakuli lake akaenda, polepole, akiitikia marahaba njia nzima.

Baraza limekuwa pana ghafla. Nimekaa upande wangu, kisha nikakaa upande wake. Sikupenda.

Ili nisiendelee kufikiri upuuzi, nimeifikiria ndoo. Kutwa nzima inapigwa mateke na mtaa! Mali ya mtu ni mali ya mtu. Nimetoa rangi nyekundu ninayoandikia vigingi vya viwanja, nikaandika ubavuni: MALI YA ALPHONCE. USIGUSE. Herufi kubwa, zimenyooka. Kazi ya mchora ramani.

Jumatatu, 15 Septemba

Gervas kauliza kama wageni wangu wa Jumamosi waliondoka salama. Nikasema bado wapo, wamenogewa. Akasema basi niwalete wote Kitangari. Nikasema hawapendi kusafiri.

Mchezo umeongeza wimbo mwingine wa ziada. Huu unafunguliwa na watu wanne! Nimeshampigia Dickson. Anasema anatafuta njia.

Habari njema ya leo ni ndoo. Niliiweka kwenye foleni asubuhi, kabla ya kazi, maandishi yakitazama watu. Jioni nimeifuata. Bomba limefungwa, watu wote wameshachota wakaenda. Ndoo yangu iko palepale nilipoiacha, peke yake katikati ya uwanja, tupu. Hakuna hata mmoja aliyeigusa. Hatimaye wamenielewa!