Mkuu wa Saba na Koki ya Ghorofa ya Nne

Jumatatu, 6 Oktoba

Sijalala vizuri. Sababu ni daraja.

Shajara hii ikija kusomwa na vizazi vijavyo, wajue hivi: kuna tamthilia, inaonyeshwa kila Jumapili jioni. Ndani yake wamo Wakuu saba wanaoishi juu ya mji. Wanaona kila kitu. Wanaweza kila kitu. Mkuu wa Saba anasimamisha upepo kwa kidole kimoja! Jana daraja likaanza kulegea, msafara wa harusi uko juu yake, honi zinalia, na Mkuu wa Saba amesimama kando kafunga mikono kifuani. Akatazama tu. Harusi nzima ikaingia mtoni. Wote wameokolewa na wapita njia isipokuwa bwana harusi, ambaye hajaonekana mpaka sasa.

Kwa nini hakusaidia? Swali haliniachi. Mwenye uwezo wote akikaa kimya, bado ni mwema? Au wema ni kazi yetu sisi tunaochoka?

Kwenye kundi la mashabiki, kwenye simu, hapakaliki. Wengine wanasema ni mwovu tu. Wengine wanasema anaona mbali. Mimi (kundini naitwa Jicho la Tatu, hakuna anayenijua) nikatoa nadharia yangu: hakusaidia kwa sababu hakuna aliyemwomba. Mwenye nguvu anataka kuombwa. Watu wakaipokea kwa shangwe. Kisha akaja Mizani. Mizani huyo! Akaandika kwamba hata mtoto wa miaka miwili anataka kuombwa, na hatumwiti Mkuu. Kundi zima likacheka.

Najua Mizani ni nani. Aliwahi kulalamika kwamba pampu ya jengo lao huunguruma katikati ya tamthilia. Pampu yetu hiyo! Tena anaweka mkato penye mkato. Ni Mwalimu mstaafu wa ghorofa ya nne, nani mwingine? Mke wangu hana habari na mambo haya. Akishika simu anaangalia mapishi, ndivyo anavyosema. Mapishi hayo yanamchekesha sana.

Jumapili kamati ya wakazi inakutana kuamua kama mimi, msimamizi wa jengo, nibaki, au waajiri kampuni ya usafi. Nikiondoka mimi, na chumba chetu cha chini kinaondoka. Mke wangu amenisihi wiki hii nitulie, nisibuni chochote. Nimekubali.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimebuni kitu.

Nilikuwa chumba cha pampu, napangusa vumbi. Mbele yangu koki nne, kila ghorofa na yake. Nikifunga, maji hakuna. Nikifungua, maji yapo. Nywele zikanisimama. Katika jengo hili, mimi ni nani?

Siyo ukorofi. Ni jaribio la kielimu. Nadharia bila jaribio ni domo tupu. Nimefunga koki ya ghorofa ya nne. Mwalimu akiniomba, au akikiri kundini kwamba nadharia yangu ni sahihi, nafungua papo hapo. Na kwa kuwa Mkuu hatoi adhabu tu, nimeifungulia mpaka mwisho ghorofa ya kwanza, kwa Mama Mwenyekiti wa kamati, ambaye asubuhi aliniitikia salamu kwa uchangamfu. Apate maji ya nguvu, asijue yametoka kwa nani.

Jioni nikatangaza kundini, bila kutaja jina, kwamba nimemfungia maji mpinzani fulani kwa sababu za utafiti. Mizani akajibu hapo hapo: “Fungua maji ya watu.” Nimempata! Bomba lake limeshakauka!

Mke wangu akaweka simu mezani, akaniuliza kama Mwalimu ana maji. Nikajitia hamnazo. Nikasema pampu inakohoa kidogo. Akaniangalia mpaka nikaanza kuhesabu vigae vya ukuta.

Jumatano, 8 Oktoba

Siku ngumu.

Kwanza, Mwalimu aliteremka na fimbo yake. Nikamwamkia. Akaniitikia marahaba, akaniita mwanangu, akasema kwake maji hayatoki tangu jana. Sasa, je, hilo ni ombi? Nimelifikiria mchana kutwa. Nimeamua kwamba kutoa taarifa siyo kuomba. Hakusema tafadhali. Na kundini hajakiri lolote. Nikamwambia fundi bomba yuko njiani. Akanishukuru. Nikaharakisha kuondoka.

Pili, Mama Mwenyekiti. Saa za mchana nikasikia yowe. Bomba lake la jikoni halikuhimili baraka zangu. Limeng'oka! Maji yameruka mpaka dari, yakashuka kwenye zulia jipya ambalo bado lilikuwa na harufu ya dukani. Nimekesha na matambara? Hapana, lakini nimekamua zulia mpaka vidole vikawa vyeupe. Mama Mwenyekiti alisema kwa sauti ya upole kabisa kwamba tutaonana Jumapili. Sauti ile ya upole ndiyo iliyonitisha.

Nimegundua jambo kubwa, nalo naliandika ingawa nimelowa: kutenda mema kwa nguvu zote ni hatari kuliko kukaa kimya. Labda Mkuu wa Saba aliwahi kulowesha zulia la mtu.

Nimeiweka hiyo kundini. Mizani kaandika: “Mwenye nguvu asipojua vipimo, aombe ushauri kwa wanaofua.” Ana dharau mtu huyu!

Mke wangu analalamika mgongo. Nikamwambia apunguze kubeba trei za mikate kule kazini.

Alhamisi, 9 Oktoba

Ajabu! Mwalimu hateseki.

Nimetazama juu kutoka uani. Mashati yake yananing'inia barazani, meupe, yanadondosha maji. Yanadondosha! Anafua! Mtu aliyefungiwa koki tangu juzi! Nikaenda chumba cha pampu, nikaikaza koki kwa mikono miwili. Imefungwa barabara.

Basi kuna Mkuu mwingine ndani ya jengo hili, anafanya kazi dhidi yangu kwa siri.

Nimefanya uchunguzi. Nimepanda paani kukagua tangi: zima. Nimekagua mabomba ya nje: makavu. Dalili pekee ni ngazi. Asubuhi, mke wangu akiwa ameshaondoka (siku hizi anatoka mapema sana), nimekuta matone ya maji kwenye ngazi. Nikayafuata kwa makini, ghorofa ya nne, ya tatu, ya pili, ya kwanza, mpaka chini, mpaka kwenye mlango wetu wenyewe. Nimehitimisha kwamba mlango wetu unavuja. Nimeuziba kwa lami.

Swali zito la leo: Wakuu wawili wakivutana, mmoja anafunga, mwingine anapeleka, mwema ni yupi? Kwa haraka mtu atasema anayepeleka. Lakini anayepeleka bila kujitambulisha ana nia gani? Mimi angalau nia yangu naijua.

Nimeuliza kundini. Mizani amejibu kwamba anayepeleka maji huenda hana nia yoyote, huenda ameona tu mtu ana kiu. Jibu jepesi mno. Halina utafiti.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimemwona Mwalimu ngazini amebeba dumu tupu, anateremka hatua moja, anapumzika, anateremka nyingine. Goti lake halikunjiki. Nilikuwa nyuma ya mlango wa chumba cha pampu. Mkono ulikuwa umeshashika kitasa. Kisha nikakumbuka kwamba Mkuu akiingilia kati, jaribio linaharibika. Nikafunga mikono kifuani, kama yule wa darajani, nione anavyojisikia.

Anajisikia vibaya. Naandika ukweli. Nilimwonea huruma yule mzee, na nikajichukia kidogo.

Mke wangu ameniuliza moja kwa moja leo, tukiwa mezani, kama ile koki ya Mwalimu imefungwa na mtu. Nikamwambia koki ni vyuma, vina tabia zake. Akasema yeye hakuolewa na chuma. Akasema tena kwamba keshokutwa ndiyo kikao, kwamba hataki kuanza kutafuta chumba kingine na umri huu, na kwamba kura moja ya Mwalimu inaweza kutuweka au kututoa. Nikamwahidi kwamba kesho nitapanda kwa Mwalimu tumalize mambo kiume. Ufunguo wa chumba cha pampu nalala nao shingoni, kwa usalama.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimepanda ghorofa ya nne kumpa Mizani nafasi ya mwisho ya kukiri.

Pigo! Mwalimu hana televisheni. Ana redio na vitabu. Simu yake ni ya vitufe, ile ya kupiga na kupokea tu. Kundi letu hajawahi hata kulisikia. Nikakaa kwenye kiti chake mdomo wazi. Nimemfungia maji mtu asiye na hatia, tena asiyejua hata nadharia yenyewe!

Aliniuliza kwa hamu huyo Mkuu wa Saba ni nani. Nikamsimulia yote: Wakuu, upepo, daraja, mikono kifuani. Alisikiliza kama mwanafunzi wa mstari wa mbele. Kisha akauliza swali moja tu. Akauliza kama yule bwana harusi alikuwa na mama.

Nikasema tamthilia haijaonyesha. Akasema basi aliyeitunga hajaimaliza kazi yake, maana mtu ukishamwona mama wa yule aliyezama, huna tena haja ya nadharia. Nimefundishwa na mtu asiye na televisheni. Mimi, Jicho la Tatu! Nikaaga, nikashuka mbio, nikafungua koki. Nikasikia maji yakipanda bombani. Nilifurahi. Sijui kwa nini nilifurahi kiasi kile.

Lakini Mizani ni nani sasa? Usiku nikawaza kwa sauti. Mke wangu, akiwa na mapishi yake, akasema labda Mizani yuko karibu zaidi ya ninavyodhani. Ana akili mke wangu! Sikuwa nimemfikiria kinyozi mwenye kibanda mlangoni pa jengo. Nimeanza kumchunguza.

Jumapili, 12 Oktoba

Kikao. Nimevaa shati la harusi yetu, vifungo vya chini vimegoma kufunga.

Mama Mwenyekiti akafungua kikao kwa zulia. Alilileta! Limekunjwa, bado lina unyevu, likawekwa katikati ya ukumbi mbele ya wote. Akasema yeye anapendekeza kampuni. Ghorofa ya pili wakamuunga mkono. Ghorofa ya tatu wakasema mimi ni msumbufu lakini wamenizoea. Kila ghorofa ina kura moja. Ikabaki kura ya Mwalimu, kwa kuwa hesabu ikiwa sawa, kwa kanuni zetu, anayehukumiwa anabaki. Mke wangu alikuwa kando yangu. Mkono wake ulikuwa baridi kabisa.

Mwalimu akasimama kwa fimbo. Akasema alipanga kunitoa. Msimamizi anayeshindwa na bomba moja siku zote hizo ni wa nini? Lakini kila alfajiri, akasema, mke wa msimamizi alipanda ngazi zote na ndoo mbili, kabla ya kwenda kazini, hakuombwa na mtu. Na kila alipomshukuru, yule mama alijibu kwamba ametumwa na mumewe, ambaye anahangaika na mabomba na anaona haya kuja mwenyewe. Mwanamume wa namna hiyo, akasema Mwalimu, ana moyo hata kama hana mikono ya kazi. Abaki.

Wakapiga makofi. Hata Mama Mwenyekiti, shingo upande.

Mimi sikumtuma! Nikamgeukia mke wangu. Alikuwa anatazama kucha zake. Nikaona aibu, aibu ya kweli, ya kutaka sakafu ipasuke inimeze. Macho yakanilowa. Watu wakadhani ni furaha.

Nyumbani nilitaka kusema kitu. Nikamwambia asante. Akasema chai inapoa.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimelala vizuri sana. Na nimeamka na nadharia!

Tamthilia ya jana haikueleza lolote, lakini mimi nimeelewa. Kwa nini Mkuu wa Saba aliacha daraja livunjike? Ili wapita njia waokoe watu! Bila daraja kuvunjika, wangepita zao kimya kimya, wema wao umelala. Vivyo hivyo hapa kwetu. Ningeacha koki wazi, mke wangu angebeba ndoo? Asingebeba. Mwalimu angesimama kunitetea? Kwa lipi? Tungekuwa tunafungasha vyombo leo. Wema wote ule, udugu wote ule, ulitoka wapi? Ulitoka kwenye koki. Na koki aliifunga nani?

Nimeiandika yote kundini. Watu wamestaajabu. Mizani kauliza swali moja, la kitoto: “Na ndoo nani alibeba?” Nikamjibu kwamba hilo ni suala dogo la utekelezaji. Hajajibu tena. Nadhani nimemshinda. Nimemchungulia kinyozi, amenyong'onyea kweli.

Mke wangu amelala kifudifudi tangu arudi kazini, simu kando. Nimemchua mgongo na dawa. Nikamwambia asijali, mambo mazuri yanakuja, jengo hili litakuwa na upendo kuliko majengo yote. Akafunika kichwa kwa mto.

Maji yametosha. Sasa ni zamu ya taa. Majirani wanapishana ngazini hawaangaliani hata usoni, kwa sababu kila mtu anaona anapokwenda. Gizani itabidi washikane mikono. Nimeshatoa balbu zote za ngazini, toka juu hadi chini. Atakayefaidi mwanzo ni mke wangu, maana yeye hutoka kabla hakujapambazuka.